Mahali pa Kulaza Sigara

Harufu ya matela, godoro la kulalia, likiungua haifanani na harufu nyingine, na mimi niliyekulia kando ya moto wa makaa nazijua harufu za kuungua karibu zote. Mpira wa gari, mafuta machafu ya injini, nywele, maharage yaliyosahauliwa jikoni: nifumbe macho, nitakuambia ni nini na kiko upande gani. Siku ile nilikuwa uani nasugua mwiko kwa tupa, jua la alasiri limeshika ukuta, nikasikia harufu tamu yenye ukali ndani yake. Nikaachia kila kitu, nikaruka kizingiti. Baba alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, macho wazi, anaangalia shimo jeusi kando ya paja lake likipanuka na kutoa moshi. Nilibeba ndoo yake ya maji ya kutawadha nikaimwaga yote, kitanda kikalowa na yeye akalowa.

"We Baba!" nikapiga kelele. "Unataka kutuua?"

"Si mimi," alisema, maji yanamtiririka kwenye ndevu. "Ni hii sandriye. Sigara imeanguka."

Sandriye ndivyo tunavyokiita kile kisahani cha majivu ya sigara, Buyenzi, Bwiza, na Bujumbura nzima. Ile ya Baba ilikuwa juu ya stuli karibu na mto wake, ya mviringo, ya aliminyumu, na vifereji vitatu ukingoni vya kulazia sigara. Aliitengeneza mwenyewe. Nilikiokota kile kipande cha sigara kilichojaa maji, nikakitupa dirishani kwa hasira, na hasira yangu yote nikaielekeza kwenye kile kisahani.

Nyumba yetu iko Buyenzi, katikati ya gereji na duka la vipuri, na uani kuna moto tangu nilipozaliwa. Baba ni mtu wa kuyeyusha. Mafundi wanatuletea pistoni zilizochoka na magiaboksi yaliyopasuka, sisi tunayayeyusha ndani ya chungu cha chuma, tunamimina kwenye mchanga, na kinachotoka ni sufuria, mwiko, au sandriye. Sandriye zinakwenda kwenye mabaa ya Bwiza. Wenzake wa msikitini walimtania miaka yote: mzee, wewe kumbe mhudumu wa walevi? Naye aliwajibu kwamba yeye anauza chuma, dhambi kila mtu anajitafutia mwenyewe. Pombe hakuigusa maishani. Lakini sigara ilikuwa ndugu yake wa kunyonya, na sheikh wetu alishachoka kumsema.

Halafu kiharusi kikampiga. Kilimpiga upande wa kulia, mdomo ukapinda, mkono ukalala pajani kama si wake. Tulimlilia. Lakini Mungu ni mkubwa, mdomo ulinyooka, mguu ukarudi, na mwisho mkono pia ukarudi. Alishika kikombe. Alishika tasbihi. Aliukunjua na kuukunja mbele ya daktari, na daktari akampiga bega akasema mzee wewe una bahati. Kumimina tu ndiko nilikomkatalia. Tangu hapo chungu nakimimina mimi, na yeye anakaa kwenye benchi lake kunisimamia na kunitukana.

Tatizo likawa hizi sigara. Kwanza tundu kwenye kanzu. Kisha mkeka. Sasa matela. Na kila mara maneno yalikuwa yale yale: niliilaza kwenye sandriye, ikaanguka.

Kaka yangu alikuja siku ya pili yake. Yeye anaishi Mutanga Nord, ana ofisi, ana nyumba ya vigae na geti la kufungwa, na kwa kweli ni mtu mwema, nalisema hili mapema ili asije mtu akafikiri namsengenya. Alisimama mlangoni mwa chumba, akaangalia lile tundu la kitanda muda mrefu. Alitoka uso umembadilika rangi.

"Mi sibishani tena na mutu," akaniambia pale uani, sauti ya chini ili Baba asisikie. "Moto mara ingine, hata kidogo, nakuja na gari, namubeba."

"Kumubeba? Kwani Baba ni gunia?"

"Petroli haipatikani, unajua. Lakini safari moja nimeiweka ndani ya tanki, siigusi. Iko ya Baba."

"Na sigara?"

"Kwangu hakuna sigara. Watoto wangu wana kifua, unajua vile wanapumua. We mudogo wangu, unataka niite watu kuja kumuzika akiwa majivu?"

 Mimi nikaiona picha ya Baba kule Mutanga Nord. Barabara tulivu, kuta ndefu, hakuna nyundo, hakuna mtu wa kupita na kusema "mzee umeamkaje" kwa Kiswahili. Msikiti mbali kwa miguu yake. Wifi yangu angempikia vizuri, angemfulia, angemnyamazia kwa heshima. Nilijua, kama ninavyojua moto umefikia rangi gani bila kuuinamia, kwamba Baba akikatwa kutoka Buyenzi atanyauka. Hatakufa kwa kiharusi, atakufa kwa kunyamaza. Hilo sikulikubali, wallahi.

Mtu atasema: mnyang'anyeni sigara basi. Tulijaribu kuzificha. Buyenzi sigara inauzwa moja moja kila kona, na Baba ana marafiki kila kona. Nilimkataza muuza duka, akaniangalia kama nimemwambia amnyime mzee wangu chumvi. Na mkononi hatuwezi kumtolea. Kwetu mtoto hampokonyi mzazi kitu. Unaweza kumficha, unaweza kumdanganya, Mungu atusamehe, unaweza hata kumpigia kelele kama mimi. Lakini kitu kikishaingia kwenye kiganja cha baba yako ni chake mpaka akiachilie. Hata kisu kilichoelekea kumkata mzee, mtoto anakiomba, ananyoosha mikono miwili, anangoja.

Kwa hiyo nikabaki na sandriye. Ndiyo iliyoshtakiwa, ndiyo niliyoikamata.

Niliiweka juu ya benchi uani, nikawasha sigara. Mimi, mwanamke mwenye mtandio, mchana kweupe. Nikavuta mara moja ishike moto, nikakohoa mpaka machozi, nikailaza kwenye kifereji, nikakaa kuitazama. Jirani yangu alichungulia juu ya ukuta.

"Ala! Na we umeanza?"

"Niko kazini."

"Kazi tamu hiyo, dada yangu. Nikuletee na bia?"

Nilimwambia aende akatazame sufuria yake. Lakini sikuondoa macho. Sigara ilikaa kwanza vizuri, moto ndani ya kisahani, kitako nje. Halafu upande wa ndani ukaanza kugeuka majivu, na majivu hayana uzito. Kitako kile kilichoning'inia nje kikaanza kuwa kizito kuliko mwenzake. Sigara ikainama polepole, ikajitikisa, ikageuka, puu, ikaanguka juu ya benchi na moto wake. Nikawasha nyingine. Ile nayo ikaanguka. Moyo ulinidunda kwa furaha, niseme ukweli. Baba hakusema uongo! Kumbe ni kisahani!

Lakini kilichonisumbua ni kile kifereji chenyewe. Sigara haikuingia ndani yake. Ilikaa juu tu, kama mtu mnene aliyekalia stuli ya mtoto. Nani alichonga kifereji kisichotosha sigara? Nikaingia kwa Baba kumuuliza. Akasema hakuna aliyechonga. Na hapo nikakumbuka jinsi tunavyofanya kazi sisi watu wa hapa, jambo ambalo nimelifanya maisha yangu yote bila kulifikiria.

Sisi hatuchori. Mteja akitaka kitu, analeta kingine kilicho kama hicho. Tunakikandamiza kwenye mchanga, tunakitoa, pale kilipolala panabaki tundu la umbo lake, tunamimina. Ukiuza kile cha kwanza, cha pili ndicho kinachozaa cha tatu. Na aliminyumu ikipoa inasinyaa kidogo, kidogo sana, huwezi kuona. Lakini mtoto akimzaa mtoto, na yule akizaa mwingine? Waswahili wanasema mwana hutazama kisogo cha nina. Hawa wetu walikuwa wanatazama kisogo na kila mmoja anazaliwa mfupi kuliko mama yake.

Nikaenda Bwiza kuitafuta ile sandriye mama. Kuna baa moja ya mama wa Uvira, upande wa Kongo, ambaye Baba alianza kumuuzia zamani. Nilimkuta anafagia, viti vimegeuzwa juu ya meza.

"Eeh, leo Waislamu wamekuja kunywa!" akacheka.

"Nataka kuona sandriye yako ya zamani kuliko zote."

"Ya zamani? Ile nzito? Iko inashikilia mulango wa stoo, upepo wa ziwa unaupigapiga."

Aliinama akanitolea. Ilikuwa nyeusi kwa uchafu na nzito mkononi. Nikaiweka mezani kando ya ile ya Baba niliyokuja nayo kwenye mfuko, na yule mama akaweka mkono mdomoni. Ilikuwa ni bibi na kitukuu. Umbo lile lile, duara lile lile, vifereji vitatu vile vile, lakini ile ya zamani sigara ilizama ndani ya kifereji ikatulia. Vifereji vyake vilikuwa pia vimeinamia ndani, na vya kwetu, kwa kusuguliwa na tupa kila kizazi, vilikuwa vimelala sawa, vingine vinatazama nje. Miaka yote hiyo tulikuwa tunauza visahani vya kumwaga moto mezani na hakuna aliyelalamika. Mlevi akiunguza meza anailaumu pombe.

Nilirudi Buyenzi kwa miguu, karibu nakimbia. Kila nilipofika kona niliangalia angani upande wa kwetu kama kuna moshi usio wa kazi. Ndivyo nilivyoishi majuma yale. Nikisugua sufuria, pua iko chumbani kwa Baba. Nikisali, pua iko chumbani kwa Baba, astaghfirullah. Simu ikilia jina la kaka, nadhani kuna mtu amempelekea habari ambayo mimi mwenyewe sina.

Sikutaka kuiga ile ya zamani. Hata ile, sigara ikiisha, kitako kilikuwa kinaning'inia nje, ni bahati tu kukaa. Mimi nilitaka mahali ambapo sigara italala nzima, kichwa na miguu, na hata ikitaka kuanguka haina pa kuangukia ila majivu. Nilitaka ukuta mrefu pembeni na katikati daraja dogo, na kifereji kirefu juu ya daraja. Na Baba ndiye aliyeniambia lile kubwa zaidi. Alikuwa kwenye benchi, anaangalia mstari nilioupiga kwa makaa kwenye kibao.

"Daraja ifanye nene," alisema.

"Kwa nini nene?"

"Aliminyumu inakunywa moto. Sigara ikifika pale, chuma inamunyang'anya joto, anazimika peke yake. Usinifundishe kazi yenye mimi nilikufundisha."

"Mi nimekufundisha nini? Nimeuliza tu."

"Umeuliza na mudomo umevuta."

Tulicheka. Zilikuwa siku nzuri zile, hata na hofu yake. Alinikosoa kila kitu. Kifereji kifupi, ongeza. Ukuta umesimama sana, mchanga utabomoka ukiutoa, ulaze kidogo. Alizungumza kwa mikono miwili, anakata hewa, anachora, na mimi nikijisemea moyoni: mtu huyu, wamfungie Mutanga Nord na geti?

Nilichonga kielelezo cha mti. Kwa mara ya kwanza uani kwetu kitu kilikuwa kinazaliwa bila mama wa kuigwa. Nilikipaka unga wa makaa kisinate, nikakizika kwenye mchanga, nikaushindilia, nikakitoa kwa pumzi iliyobanwa. Nikamimina. Cha kwanza kilitoka na daraja lililokatika katikati, chuma kilipoa kabla hakijavuka. Baba akasema ni aibu ya ukoo. Cha pili nilikimimina moto ukiwa mkali zaidi, uso wangu unachemka, naye anapiga kelele "sasa! sasa! usikate, we mutoto, usikate!" Kikatoka kizima. Nilikisugua mpaka kikang'aa, nikakiweka mikononi mwake. Akakigeuzageuza mbele ya macho yake.

Kaka alikuja mchana wa Jumapili bila kupiga simu. Nilisikia gari, nikajua. Jirani yetu wa kule mbele, kwa nia njema, alikuwa amemwambia kwamba Baba alitoka msikitini Ijumaa na tundu jipya kwenye mkono wa kanzu, linanuka moshi. Mimi sikuliona. Baba alikuwa amekunja mkono wa kanzu juu yake.

Kaka alisimama uani na funguo za gari mkononi. Hakukaa.

"Nilisema."

"Ngoja," nikamwambia. "Nakuomba, kaka. Ile tundu imetoka na sandriye ya zamani. Angalia hii kwanza. Ukiangalia ukiona haifai, mi mwenyewe nitafunga nguo zake."

Nilisema hivyo. Nilikuwa na uhakika kiasi hicho.

Tukakaa chumbani, watatu. Baba kitandani, kaka kwenye kiti, mimi mkekani, na sandriye mpya juu ya stuli katikati yetu. Nikawasha sigara, nikailaza kwenye daraja.  Nje gereji ilikuwa imefungwa kwa Jumapili, kimya, unasikia karatasi inavyoungua. Majivu yakarefuka. Yakaanguka ndani. Moto ukasogea, ukafika kwenye daraja, ukawa mwekundu, ukawa wa kahawia. Kaka alikuwa ameinama viwiko magotini. Moshi ukawa uzi. Uzi ukakatika. Sigara ilikuwa imelala pale pale imezimika, na kitako chake kizima.

"Fanya tena," alisema kaka.

Nikafanya tena. Ikazimika tena. Nikaipiga stuli kwa goti kusudi, sigara ikabingirika, ikaangukia majivuni. Kaka aliegemea nyuma, akatoa pumzi ndefu, na nikamwona, kwa mara ya kwanza tangu aingie, akitia funguo mfukoni.

"Iko muzuri," alisema. "Kweli, iko muzuri sana."

Nilitaka kupiga vigelegele. Baba alicheka, akatoa sigara yake mwenyewe mfukoni, akaiwasha, akaanza kumweleza kaka jinsi daraja lilivyokataa kujaa mara ya kwanza, na jinsi mimi nilivyo mbishi, na jinsi yeye mwenyewe ujanani aliwahi kumimina kengele ya baiskeli isiyolia. Alikuwa mchangamfu, anasimulia kwa mkono wa kushoto, anakata hewa. Mkono wa kulia aliuweka gotini, na sigara katikati ya vidole viwili.

Sigara ile ilifupika. Nilingoja ailaze. Sandriye ilikuwa hapo hapo, umbali wa mkono. Alisimulia. Majivu yalianguka kwenye goti lake, hakuyaangalia, kwa sababu alikuwa anaangalia uso wa kaka. Nikaona moto unafika kwenye vidole. Nikasema sasa ataitupa. Kila mvutaji anaitupa, hata mlevi anaitupa.

Hakuitupa. Alikuwa anasimulia kuhusu kengele.

Nilimwangalia kaka na kaka aliniangalia. Mikono yetu ilikuwa wazi, yangu na yake, na hakuna aliyeinyoosha. Kitu kilikuwa mkononi mwa Baba. Sijui tulikaa hivyo kiasi gani, labda ni kufumba na kufumbua, lakini harufu ikaja. Nimeshasema nazijua harufu za kuungua karibu zote. Hii sikuwahi kuisikia kutoka kwa mtu ambaye bado anacheka.

Nikaruka. Nikampokonya baba yangu sigara, kwa nguvu, nikaichomoa katikati ya vidole vyake. Akanyamaza katikati ya neno. Aliniangalia kwa mshangao, karibu na hasira, nisemeje, hakujua nimefanya nini. Kisha akafuata macho yetu akaangalia chini, akaona vidole vyake, ngozi imegeuka nyeupe na nyeusi. Akaviangalia kwa utulivu, kama vile alivyoliangalia tundu la matela siku ile.

"Baba," kaka alisema, sauti imevunjika. "Hausikii?"

 Akajibu polepole.

"Daktari alikuwa ananichoma na sindano. Mi nilikuwa naangalia sindano. Ikigusa, nasema nasikia."

Mficha maradhi kifo humuumbua, tunawaambia watoto. Na mimi, mtoto wa yule mzee, ndiye niliyekuwa sioni. Mkono ulirudi kushika, haukurudi kuhisi. Alikuwa anashika kikombe kwa kukiangalia, anashika tasbihi kwa kuiangalia, na sigara, jicho likihama tu, haikuwa tena mkononi mwake kwa jinsi yoyote aliyoijua. Haikuanguka kutoka sandriye hata siku moja. Ningepaswa kushtuka tangu siku ya kwanza! Fundi wa Buyenzi atalaumu makaa, atalaumu mchanga, atamlaumu mteja na mama mzazi wa mteja, kazi ya mikono yake hailaumu. Baba aliilaumu kazi yake ili asiutaje mkono wake. Na mimi nikakimbia Bwiza, nikachonga, nikamimina, naye akakaa kwenye benchi akinisaidia, anajua kila siku kwamba tunatengeneza dawa ya mgonjwa mwingine.

Alichukua sandriye kwa mkono wa kushoto, akaishika mapajani.

"Hii haina kosa," aliniambia. "Nimeitafuta kosa, sikuiona. Hakuna mutu alishamimina kitu kama hii uani kwangu, hata mi mwenyewe."

Ningetoa kila nilicho nacho aitukane. Angesema kifereji kibaya, daraja limepinda, tungeanza upya, ningechonga mpaka uzeeni. Alikuwa amenisifu, na hakuna kilichobaki cha kulaumiwa ila mkono.

"Nifungie nguo," akasema. "We ulisema."

Nilizifunga. Nililia huku nafunga, na sikujificha. Nilimwambia kaka tumwache, nitakaa naye, nitamshikia kila sigara mpaka kitako. Kaka alinisikiliza mpaka mwisho, naye machozi yakimtoka, kisha akauliza ni nani atamshikia saa ninapomimina, na ni nani atamzuia kushika makaa akitaka kuwasha. Baba mwenyewe alikuwa ameshasimama. Nilimpaka asali kwenye vidole na kuvifunga kitambaa safi, na wakati wote huo alinitazama ninavyovifunga ili ajue nimefika wapi.

Walitokea majirani kumuaga Baba. Alikaa kiti cha mbele, dirisha wazi, mkono wake wa kulia umelala juu ya ukingo wa dirisha na kitambaa chake. Kaka akawasha gari. Mimi niliusogelea ule mkono, nikaushika, kiganja chote, mbali na kidonda, nikaukaza jinsi nisivyowahi kuukaza mkono wa mtu. Baba alikuwa amegeukia upande wa kaka, anatazama nje kwenye dirisha lile lingine, anawatafuta watu kwa macho.

"Huyu binti ameenda wapi?" alimuuliza kaka. "Haji hata kuniaga?"

Nikaachia. Nikazunguka gari kwa mbele, nikafungua mlango wa kaka, nikajipenyeza juu yake nikamshika Baba mkono wa kushoto.